Waliookoa Magari ya Zamani kwa Magadi na Mafuta ya Mgando: Historia ya Vita Dhidi ya Asidi ya Betri

Kila Jumamosi ya harusi lazima ipite moja. Volkswagen Beetle nyeupe, maua kwenye boneti, polishi mpaka unajiona uso, maharusi wamepozi na simu zote ziko juu. Macho yote yapo kwenye bodi. Hakuna anayewaza kilichopo chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia.

Hapo ndipo betri inapokaa. Na hapo ndipo Beetle nyingi huanza kufa, kimyakimya, huku juu bado zinapendeza.

Muuaji ni asidi. Inatafuna chuma cha sakafu taratibu, chini ya zulia, miaka inaenda, mpaka siku moja abiria anainua mguu anaiona lami. Hadithi ya jinsi watu walivyojifunza kuizuia ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Na waliofanya kazi kubwa hawana hata jina kwenye kitabu.

Wenye majina walianza

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza inayoweza kuchajiwa tena: mabamba ya risasi ndani ya asidi ya salfa. Mpaka leo betri nyingi za magari zinafanya kazi kwa kanuni ile ile.

Magari ya mwanzo hayakuihitaji sana. Yaliwashwa kwa handeli, na handeli ilikuwa balaa. Injini ikirudisha teke, mkono unavunjika. Ndipo mwaka 1912 Cadillac ikaleta stata ya umeme iliyobuniwa na timu ya Mmarekani Charles Kettering. Watu wakashangilia. Hata mtu asiye na nguvu za kuzungusha chuma sasa aliweza kuwasha gari mwenyewe.

Lakini stata inakula umeme mwingi, kwa hiyo ilitaka betri kubwa. Kwa maneno mengine, kuanzia hapo kila gari lilibeba sanduku la asidi popote liendapo, iwe ni kwenye mashimo, kwenye jua kali au kwenye vumbi.

Kwa nini inavuja?

Watu wengi hudhani asidi inatoka betri ikipasuka tu. Hapana. Betri inapochajiwa kupita kiasi, maji yaliyomo ndani huvunjika kuwa gesi ya haidrojeni na oksijeni. Gesi hizo zinatoka kwenye vitundu vya vifuniko zikiwa zimebeba matone madogo mno ya asidi. Matone yanatua kwenye nguzo za betri, kwenye nyaya, kwenye kikalio chake. Baada ya muda unaona unga mweupe kwenye risasi, na kijani-bluu kwenye shaba. Chuma chenyewe kinaoza tu.

Magari ya zamani yalikuwa na bahati mbaya mara mbili. Dainamo zao zilidhibitiwa na kifaa cha springi na sumaku ambacho kikichoka, kinachaji ovyo. Halafu betri zenyewe zilikuwa na maboksi ya mpira mgumu, yamezibwa juu kwa lami. Mtikisiko kidogo, ufa. Ufa kidogo, asidi nje.

Kwenye Beetle kuna hatari nyingine. Kiti cha nyuma kina springi za chuma. Kifuniko cha betri kikipotea na mtu mzito akakaa, springi zinaweza kugusa nguzo zote mbili. Cheche, nyuzi kavu za kiti, moto. Wapo watu waliopoteza gari zima kwa sababu ya kipande cha kifuniko ambacho fundi fulani alikitupa.

Wasio na majina wakaingia kazini

Afrika Mashariki ilikuwa shule ngumu ya magari haya. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na Beetle ilikuwa mojawapo ya magari yaliyotamba, ikachukua ushindi tena mwaka 1962. Lakini madereva wakishangiliwa na kupewa vikombe, nyuma yao kulikuwa na vijana wa gereji wenye spana na vitambaa, kwenye miji na njia panda ambazo hakuna mwandishi wa habari aliyefika.

Ni mafundi wa aina hiyo, huku kwetu na duniani kote, waliobeba mbinu ambazo mpaka leo hazijapitwa na wakati.

Ya kwanza ni mafuta ya mgando. Yalisajiliwa Marekani mwaka 1872 kwa ajili ya ngozi, si kwa ajili ya magari. Lakini mafundi waligundua kwamba ukisafisha nguzo, ukakaza nati vizuri, kisha ukapaka mafuta hayo juu, hewa na mvuke wa asidi havipiti. Kitu cha kupaka mtoto baada ya kuoga kikawa kinga ya gari.

Ya pili ni magadi. Asidi inauawa na kinyume chake, na kinyume chake kimelala Ziwa Magadi kule Kenya na Ziwa Natron upande wa Tanzania. Magadi yale yale ya kulainishia maharage yakiyeyushwa kwenye maji na kumwagwa juu ya unga wa betri, yanatoa povu. Povu hilo ni asidi inakata roho. Bekingi soda inafanya kazi hiyo hiyo. Povu likiisha, suuza kwa maji safi na ukaushe. La muhimu, vifuniko vya betri viwe vimefungwa kabisa, maana magadi yakiingia ndani yanaiharibu betri yenyewe.

Ipo na ya tatu, ambayo mtaani inasifiwa sana: soda nyeusi. Ni kweli inalainisha unga kwa sababu ina asidi ya fosforasi. Lakini hiyo nayo ni asidi, tena ina sukari inayobaki imenata. Haizimi tatizo, inaliosha uso tu.

Wazee wa gereji walikuwa na sheria nyingine: toa kwanza waya unaoshika bodi ya gari, rudisha huo huo mwisho. Hawakusema "toa hasi", na walikuwa sahihi, kwa sababu magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo yaliunganisha chanya kwenye bodi. Na sigara mbali kabisa. Haidrojeni hailipuki kwa utani.

Ukiwa nalo nyumbani

Miaka ya 1970 betri zisizohitaji kuongezwa maji zikaingia sokoni, na uvujaji ukapungua. Wenye magari ya zamani wengi huweka hizo siku hizi, juu ya sinia la plastiki, na betri ikafungwa isicheze. Hata hivyo kidhibiti cha chaji kibovu kitaichemsha hata betri mpya, kwa hiyo hicho ndicho cha kupimwa kwanza. Gari la kuegeshwa miezi? Betri itolewe kabisa.

Na ikifa, isitupwe jalalani. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha sumu ya risasi kwenye miili ya wakazi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikasafiri mpaka Mahakama ya Juu. Kitu kinachotafuna sakafu ya gari hakimwonei huruma binadamu.

Beetle ya mwisho ya muundo ule wa zamani ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, baada ya zaidi ya milioni 21. Hakuna zinazoongezeka. Zilizobaki zipo kwa sababu kuna mtu, mara nyingi mzee mmoja wa gereji mwenye mikono iliyochubuliwa na asidi, aliyeinua kile kiti cha nyuma akaangalia.

Kwenu kuna gari la babu limeegeshwa? Nenda kainue kiti, halafu dondosha hapo chini ulichokikuta. Na kama unamjua fundi aliyeliokoa, mtaje.