Kumbukumbu za Mengo na Hifadhi za Kidijitali: Funzo la Historia kwa Utafiti wa Afya Usiochapishwa

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Makala aliyoichapisha mwaka uliofuata iliitambulisha duniani saratani ambayo leo inabeba jina lake. Hata hivyo, swali moja lilibaki: je, ulikuwa ugonjwa mpya nchini Uganda, au wa zamani ambao haukuwa umetambuliwa?

Jibu lilitoka katika maandishi ambayo hayakukusudiwa kuchapishwa. Tangu Hospitali ya Mengo ilipoanzishwa mwaka 1897, mmisionari Albert Cook na wenzake waliandika habari za wagonjwa wao kwa uangalifu, na kumbukumbu hizo zikatunzwa. Mwaka 1964, J.N.P. Davies na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za saratani za hospitali hiyo, kuanzia 1897 hadi 1956. Ilibainika kwamba uvimbe huo wa watoto ulikuwapo miongo mingi kabla ya Burkitt.

Leo, sehemu kubwa ya maarifa ya namna hiyo imo katika tasnifu za uzamili wa tiba. Daktari hukusanya data wodini, huitetea kazi yake, kisha hukabidhi nakala maktabani. Isipochapishwa katika jarida, kazi hiyo husomwa na wachache. Hifadhi za kidijitali za vyuo vikuu, vikiwamo Makerere na Muhimbili, zimepunguza tatizo hilo.

Lakini hifadhi ya kidijitali haijitunzi. Karatasi iliyosahauliwa kabatini yaweza kusomeka baada ya miaka 60. Faili lililosahauliwa katika kompyuta huenda lisifunguke baada ya 20. Faili lisilo na maelezo sahihi ya mwandishi, mwaka, mahali na ugonjwa halitafutiki, na lisilotafutika ni sawa na lililopotea. Aidha, jina la mgonjwa lililofichika katika jalada huweza kusomwa na yeyote likiwekwa mtandaoni.

Kwa hiyo, historia ya Mengo inatufunza kwamba thamani ya andiko la kitabibu haijulikani yote siku linapoandikwa. Vyuo vyetu vinapaswa kutenga fedha na wataalamu wa kudumu kwa ajili ya hifadhi hizi, si kwa kipindi cha mradi tu. Cook hakujua swali litakaloulizwa baada yake. Nasi hatujui letu.