Ramani

Neno ramani tulilirithi kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi, ambao rahmani yao ilikuwa kitabu cha kumwongoza nahodha. Na uongozi huo ungali ndani ya ramani. Mwaka 1961 Daktari Denis Burkitt, alipotoka Kampala kwa gari akiulizia hospitali baada ya hospitali habari za saratani ya taya iwapatayo watoto, na kuzitia katika ramani, alidhihirisha kwamba maradhi hayo yafuata joto na mvua. Kisha ukabainika uhusiano wake na malaria. Basi Mkoa wa Katavi, Tanzania, nao wastahili ramani ionyeshayo, toka Mpanda hadi Karema, kila kijiji kilivyo mbali na mahali pa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, ili kinga itangulie maradhi, wala mwanamke asilazimike kuitafuta shifaa Dar es Salaam wakati umekwisha kumpita.