Namna Riwaya ya Kiswahili Ilivyojifunza Kuanza

Kabla ya riwaya kuwapo, Kiswahili kilikuwa na njia zake za kuanza kisa. Mtambaji wa ngano aliita "Paukwa", hadhira ikaitika "Pakawa", ndipo akaingia katika hapo zamani za kale. Mtunzi wa utendi alianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, akaagiza wino na karatasi, kisha akataja anachokusudia kueleza. Mwana Kupona alifuata desturi hiyo katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858. Kwa njia zote mbili msimulizi anajitambulisha kuwa yupo na ana idhini ya kusema. Historia ya sura ya kwanza ya riwaya ni, kwa sehemu kubwa, historia ya msimulizi huyo kuachia kiti chake.

Hatua ya mwanzo ililetwa na tafsiri. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, alishiriki kutafsiri hadithi za Kiingereza za safari na hazina, ikiwamo Mashimo ya Mfalme Sulemani. Humo kisa huanza na mtu, mahali na safari, bila dua wala kiitikio. Mwaka 1934 ikafuata Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, kuhusu watumwa waliokombolewa na kupewa makazi Freretown, Mombasa. Wengine huihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili, wengine huiita historia, na ubishi huo haujaisha.

Kwa Shaaban Robert mambo yanabadilika kwelikweli. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, haianzi na mhusika hata mmoja. Inaanza na nchi, tena nchi inayoelea angani, na msomaji anaonyeshwa mipaka yake kwa utaratibu uleule wa kitabu cha jiografia cha shuleni. Sentensi zina mizani: kishazi hujibiwa na kishazi, na hoja hufungwa kwa kauli yenye uzito wa methali. Lugha ni safi na ya adabu, kiasi kwamba kejeli iliyomo inaweza kumpita msomaji mwenye haraka. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na kisa chenyewe ni cha Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Kumwelekezea msomaji nchi isiyo duniani kulikuwa kinga nzuri. Hata hivyo msimulizi bado yuko kitini. Anajua yote, na hana shaka kwamba atasikilizwa.

Muhammed Said Abdulla alikiondoa kiti hicho kwa mzaha. Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kilichomtambulisha mpelelezi Bwana Msa, kilileta maiti na mafumbo pamoja na mazungumzo ya barazani ya Unguja, yenye utani na vijembe. Faraji Katalambulla naye, katika Simu ya Kifo (1965), aliingiza mwendo wa kasi wa mjini. Wahakiki wamezoea kuvitaja vitabu hivi kwa mkato kama hadithi za kujiburudisha. Huko ni kuvionea, kwani ndivyo vilivyomzoesha msomaji kuanza hadithi bila kuelezwa kila kitu.

Euphrase Kezilahabi alikipeleka mbali zaidi kitendo hicho cha kumwondoa msimulizi kitini. Rosa Mistika (1971) ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kutokana na maudhui yake, lakini kwa upande wa mtindo hatua kubwa iko katika Kichwamaji (1974). Mwanzoni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, amekwenda ofisini kumwona mkuu wa wilaya na anangojeshwa. Mkuu huyo ni Manase, mtu aliyekua naye. Tukio lenyewe ni dogo: mtu anasubiri kuitwa. Ila katika kusubiri huko mna pengo la wasomi wapya baada ya uhuru, na mna ukubwa uliomgeuza mwenzako kuwa mtu wa kuombwa nafasi. Msimulizi ni "mimi" asiye na cheo cha kumfundisha yeyote. Sentensi ni fupi na msamiati ni wa kila siku, wa mzungumzaji wa bara asiyejisumbua kuiga lugha ya pwani. Mwanafunzi anayewinda tashbihi na methali katika kurasa hizi, kama mitihani ilivyomzoesha, huambulia kidogo, kwa sababu ufundi uko katika kilichonyamaziwa. Kezilahabi alifahamu vizuri alichokuwa akikiacha, kwani tasnifu yake ya uzamili ilihusu riwaya za Shaaban Robert.

Waandishi wa Zanzibar wa miaka hiyo, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed miongoni mwao, walishika njia nyingine: aya nzito, misemo ya visiwani, hisia zinazochorwa kupitia nyumba na hali ya hewa. Ken Walibora katika Siku Njema (1996) alimrudisha msimulizi mwenye sauti tamu, lakini hadithi inafunguliwa kwa yale ambayo watu husema kuhusu mama yake, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Ushahidi wa kwanza ni maneno ya watu.

Nagona (1990) ya Kezilahabi ilikuwa imekwishavunja hata hilo. Anayesema humo hana jina, anapita mahali pasipojulikana, na msomaji hapewi ramani yoyote. Kyallo Wamitila alifuata mkondo huo katika Bina-Adamu! mwaka 2002, mwaka uleule alipochapisha kitabu chake cha nadharia, Uhakiki wa Fasihi.