Upasuaji wa nyonga kwa wenye mtindio wa ubongo

Upasuaji wa nyonga kwa wenye mtindio wa ubongo ni matibabu ya kuzuia au kurekebisha kuteguka kwa nyonga kwa watu ambao ubongo wao uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika utoto wa mwanzo. Hali hiyo huitwa pia kupooza kwa ubongo. Mitaani jina "mtindio" hutumika hata kwa ulemavu wa akili, lakini si kila mwenye kupooza huku ana ulemavu huo.

== Chanzo cha tatizo ==
Watoto hao kwa kawaida huzaliwa na nyonga nzima. Kadiri wanavyokua, misuli ya ndani ya paja na ile inayokunja nyonga hukaza mno. Mtoto asiposimama wala kutembea, kikombe cha nyonga hubaki kifupi, na kichwa cha mfupa wa paja huanza kutoka nje. Mwanzoni hakuna maumivu, hivyo kumtazama mtoto hakutoshi: inahitajika picha ya eksirei. Baadaye huja maumivu, shida ya kukaa, na ugumu wa kutanua miguu wakati wa kumsafisha.

Mwaka 2006 utafiti wa jimbo la Victoria, Australia, ulionyesha kwamba 35% ya watoto wenye kupooza huku nyonga zao zilikuwa zimehama. Kati ya waliotembea vizuri hakuwepo hata mmoja. Kati ya waliolemaa zaidi walikuwa 90%.

Kuhama hupimwa kwa asilimia ya kichwa cha mfupa iliyo nje ya kikombe, kipimo kilichoelezwa na Reimers mwaka 1980. Ikizidi takriban 30, daktari wa mifupa huanza kufikiria upasuaji.

== Aina za upasuaji ==
Kwa watoto wadogo hurefushwa au kukatwa kano za misuli iliyokaza. Ni upasuaji mwepesi, lakini kwa wasiotembea mara nyingi nyonga huhama tena.

Kuhama kukiwa kukubwa, mfupa wa paja hukatwa, hugeuzwa na kufungwa kwa bamba la chuma na skrubu ili kichwa kielekee ndani ya kikombe. Mara nyingi fupanyonga nalo hukatwa juu ya kikombe ili paa lake lishuke. Njia moja ya kufanya hivyo ina jina la Wiktor Dega wa Poland. Hatari zake ni kupoteza damu, maambukizi, nimonia, na kuvunjika kwa mifupa iliyodhoofu baada ya kukaa ndani ya plasta.

Nyonga ikishaharibika kabisa, lengo hubaki kupunguza maumivu tu: huondolewa sehemu ya juu ya mfupa wa paja, au kwa baadhi ya watu wazima huwekwa nyonga bandia.

== Ufuatiliaji ==
Kusini mwa Sweden, mpango ulioanza mwaka 1994 huwapiga watoto eksirei kwa ratiba na kuwapasua mapema inapobidi. Nyonga zilizoteguka kabisa zilipungua kutoka takriban 9% ya watoto hadi chini ya 1%.