Ice Lions: Timu ya hoki ya barafu Nairobi iliyocheza miaka bila mpinzani

Simiyu barafu unaikuta kwenye friji la duka la soda. Nairobi wameimwaga sakafuni, watu wakaivalia viatu vya chuma na kucheza hoki juu yake.

Uwanja uko ndani ya Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na ulifunguliwa mwaka 2005. Mwanzoni waliocheza hoki pale walikuwa zaidi wageni kutoka Marekani na Kanada. Vijana wa Kenya, wengi wakiwa wazoefu wa viatu vya magurudumu, wakajiunga. Ndipo ikapatikana timu ya Ice Lions.

Mchezo wenyewe uko hivi: kila upande una watu sita uwanjani, golikipa akiwemo. Hakuna mpira, kuna kisahani kigumu kinachosukumwa kwa fimbo. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20.

Sasa shida ya Ice Lions ilikuwa msimu. Ligi kubwa ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, NHL, ina timu 32, na kwa miaka mingi kila timu imecheza mechi 82 kabla ya kuingia mtoano wa Kombe la Stanley. Ice Lions hawalipwi, na hawakuwa na timu ya kucheza nayo. Waligawana wao kwa wao, wiki baada ya wiki, kwenye uwanja mdogo kuliko ule wa kimataifa wa mita 60 kwa 30. Hebu fikiria Simba bila Yanga, bila hata Pamba!

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka wachezaji 12 Toronto. Huko walivaa vifaa kamili na kucheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wakakuta wenzao wawili wapya: Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wa NHL. Walicheza upande wao.

Furaha haikudumu sana. Uviko ulipoingia 2020 uwanja ulifungwa, na bila barafu hakuna mazoezi.

Septemba 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, IIHF. Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia zamani sana, tangu 1937.