Brock kwa Broglio: Hukumu ya Mashabiki wa Chicago, 1964

Tarehe 15 Juni, 1964, ilikuwa siku ya mwisho katika msimu ule ambapo timu kubwa za besiboli za Marekani ziliweza kubadilishana wachezaji kwa uhuru. Siku hiyo timu ya Chicago, iitwayo Cubs, iliwapelekea wapinzani wake wa St. Louis, waitwao Cardinals, kijana wa miaka 24, jina lake Lou Brock, pamoja na warushaji wawili wasio na sifa kubwa. Nayo ikapokea Ernie Broglio, mrushaji mwenye jina, pamoja na mrushaji mkongwe Bobby Shantz na Doug Clemens, mchezaji wa akiba. Wanne kati ya hao sita wamekwisha kusahauliwa. Majina mawili yamesalia, na hata leo Mmarekani apendaye mchezo huo, akitaka kutaja biashara ya hasara kupita zote, husema tu Brock kwa Broglio, wala msikilizaji wake haulizi maana.

Kwa kuwa mwisho wa jambo wajulikana na wote, watu huandika habari hii kana kwamba mwisho ulikuwa wazi tangu mwanzo. Mashabiki wa Chicago, waliofurahi siku ile, huchekwa kuwa wajinga. Mimi sidhani kuwa walikuwa wajinga. Nadhani walifanya kosa, lakini si lile wanalosingiziwa, nalo lafaa kuchunguzwa na kila mtu ashughulikaye na kupima mambo yaliyopita.

Chicago na St. Louis zimetengana kwa masafa ya kilometa 480 hivi. Kati yake umelala mkoa wa Illinois, ambao watu wake wa kaskazini ni wa Cubs, na wa kusini, karibu na mto Mississippi, ni wa Cardinals; na katikati kuna miji ambamo ndugu wa nyumba moja hawapatani juu ya jambo hili. Timu zote mbili zilikuwa katika Ligi ya Taifa, iliyokuwa na timu kumi mwaka ule, na zilikutana mara kwa mara kila msimu. Kwa hiyo mtu wa Chicago alipouliza kama kikosi cha St. Louis kimepata nguvu, hakuuliza habari za mbali. Aliuliza habari za jirani, na mtu hapimi mali ya jirani yake kwa mizani ileile apimiayo mali ya mgeni.

Msomaji asiyeujua mchezo huu yampasa kujua mambo mawili. La kwanza ni kwamba kila timu hupanga orodha ya wapigaji tisa, nao hupiga kwa zamu kama walivyoandikwa, hata nafasi ya mtu katika orodha ina uzito karibu sawa na ufundi wake. La pili ni kwamba mpinzani wao mkubwa ni mrushaji, yaani mtu mmoja asimamaye katikati na kuutupa mpira kwa namna ya kuwahadaa wapigaji. Mrushaji hodari hachezi kila siku, kwa sababu mkono huchoka. Lakini siku achezapo, aghalabu ushindi au ushinde huandikwa juu ya jina lake.

Sasa tuitazame hoja ya Chicago. Broglio alikuwa na miaka 28. Mwaka 1960 alishinda michezo 21 na kushindwa 9 tu. Mwaka 1963 alishinda 18 na kushindwa 8. Brock, kwa upande wake, katika mwaka mzima wa 1963 alifikia mapigo 258 kwa hesabu ya zamu 1,000, kiasi cha mchezaji wa kawaida, na alitolewa bila kuugusa mpira ipasavyo zaidi ya mara 100. Katika michezo 52 ya mwanzo wa 1964 alishuka hata 251. Alikuwa na mbio za ajabu, hapana aliyelikana hilo, lakini alipolinda upande wa kulia wa uwanja wa Wrigley, ambako jua la mchana humpiga mtu machoni, mipira ilimponyoka. Uwanja huo haukuwa na taa mpaka mwaka 1988, kwa hiyo kila mchezo wa nyumbani ulichezwa mchana, na kila kosa la Brock lilionekana vizuri.

Tena watu wa Chicago walikuwa na ushahidi mwingine, ambao wanaowacheka siku hizi huusahau. Mwishoni mwa mwaka 1962 timu hizihizi mbili zilifanya biashara kubwa. St. Louis walitoa warushaji Larry Jackson na Lindy McDaniel, wakapokea mpigaji George Altman na mrushaji Don Cardwell. Altman hakustawi huko, akaondolewa baada ya mwaka mmoja. McDaniel alikuwa nguzo ya Chicago katika mwaka 1963, ambao ndio mwaka wa kwanza tangu 1946 kwa Cubs kupata ushindi mwingi kuliko ushinde, 82 kwa 80. Jackson naye alikuwa njiani kushinda michezo 24 katika mwaka huohuo wa 1964. Basi mtu aliyeketi katika kiti cha kinyozi mwezi Juni, akasema kwamba St. Louis ni watu wa kupoteza warushaji wazuri kwa kutamani wapigaji, hakusema neno la upuuzi. Alisema lililotokea mbele ya macho yake miezi ishirini tu iliyopita. Gazeti moja la Chicago liliwashukuru St. Louis kwa maneno ya kejeli, likiwakaribisha waje tena kufanya biashara.

Na huko St. Louis je? Huko hawakushangilia. Timu yao ilikuwa imeshinda michezo 28 na kushindwa 31, na sasa waliona mmoja wa warushaji wao bora akiondoka kwenda kwa mahasimu. Wachezaji wenyewe walinung'unika. Bob Gibson, mrushaji aliyekuja kuwa mkubwa kuliko wote wa timu ile, na Bill White, mpigaji wao mashuhuri, walikiri baadaye bila haya kwamba waliiona biashara ile kuwa mbaya mno. Basi tunapowacheka mashabiki wa Chicago, itupasa tuwacheke na hao pia, watu waliokula na kulala na Broglio na kumwona akifanya kazi kila siku. Sijasikia mtu anayemcheka Gibson.

Mambo mawili yalikuwa yamefichika. La kwanza ni kiwiko cha Broglio. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuharibika, na baada ya msimu ule alipasuliwa. Akiwa na Chicago alishinda michezo 4 na kushindwa 7 mwaka 1964. Mwaka uliofuata 1 kwa 6. Na mwaka 1966, 2 kwa 6. Jumla ni ushindi 7 katika miaka mitatu, kisha akatoka katika ligi kubwa. Hesabu za gazeti humwonyesha mrushaji alivyokuwa, lakini hazionyeshi maumivu.

La pili halikuwa ndani ya mwili wa mtu ye yote, na kwa hiyo lilikuwa gumu zaidi kuliona. Johnny Keane, mkufunzi wa St. Louis, alimpa Brock ruhusa ya kukimbia. Hapa lugha yetu yanitatiza kidogo. Mchezaji aliyefika kituo cha kwanza aweza kungoja mwenzake apige ndipo asogee, au aweza kuponyoka ghafla wakati mrushaji anatupa mpira, akafika kituo cha pili bila msaada wa mtu. Wamarekani hukuita huko kuiba kituo, nami sina budi kufuata neno lao, ijapokuwa wizi huu hufanywa hadharani mbele ya maelfu ya watu, na mwizi hupigiwa makofi. Cubs walikuwa na wapigaji wa nguvu, Ernie Banks, Ron Santo na Billy Williams, na timu yenye watu kama hao haioni haja kubwa ya kuiba; yangoja mpira urushwe nje ya uwanja, wote warudi nyumbani kwa miguu. Tena tangu 1961 timu ile ilikuwa imejaribu mtindo wa kuongozwa na jopo la wakufunzi badala ya mkuu mmoja, na kijana aliyekulia katika mashauri mengi namna hiyo hakujua aitwe nani: mpiga mbali au mkimbiaji. Keane alimtolea jibu. Katika michezo 103 iliyobaki Brock alifikia mapigo 348 kwa 1,000, akaiba vituo 33.

Lakini hata bila kujua siri hizi mbili, nadhani mashabiki wangeweza kukaribia ukweli kama wangeliuliza swali lao sawasawa. Hapa ndipo penye kosa lao. Waliulizana kama St. Louis imepata nguvu, kisha wakajibu swali jingine: Ni nani bora, Brock au Broglio? Waliwaweka watu wawili katika mizani, mmoja huku na mmoja kule, wakaona upande wao umelemea. Orodha ya wapigaji si mizani ya namna hiyo. Mwishoni mwa 1963 Stan Musial alistaafu baada ya misimu 22 na mapigo 3,630, akaacha pengo katika upande wa kushoto. Na pengo lenyewe halikuwa kubwa kama jina lake: katika mwaka wake wa mwisho, akiwa na miaka 42, Musial alifikia 255 tu. St. Louis haikuhitaji Musial mwingine. Ilihitaji mtu wa mahali pale, mwenye mbio, wa kuwatangulia Bill White na Ken Boyer, ili wapigapo pawe na mtu wa kurudi nyumbani. Pengo hilo halikuwa siri. Lilichapwa katika kila gazeti la St. Louis tangu majira ya kuchipua. Mtu wa Chicago hakulitazama, kwa sababu alikuwa akimtazama Brock, na Brock alimjua kupita kiasi. Alikuwa amemwona akiangusha mipira juani.

Msimu ulikwisha kwa namna ambayo hata mtunga hadithi angeona haya kuitunga. Timu ya Philadelphia iliongoza kwa michezo sita na nusu huku imebakiwa na michezo 12. Ikashindwa mara kumi mfululizo. St. Louis ikatwaa ubingwa wa ligi siku ya mwisho kwa tofauti ya mchezo mmoja, kisha ikawashinda Yankees wa New York katika fainali ya michezo saba. Chicago ilikuwa ya nane.

Je, tuseme basi kwamba Brock aliileta taji? Tukiangalia tangu siku alipofika, St. Louis ilishinda michezo 65 na kushindwa 38, nayo ni tofauti kubwa mno na ile 28 kwa 31. Lakini jumla yake ni ushindi 93. Mwaka 1963, akiwako Broglio na hakuna Brock, timu hiyohiyo ilishinda michezo 93 vilevile, haikuzidi wala haikupungua, ikawa ya pili. Shabiki mbishi wa Chicago angeweza kuzishika hesabu hizo mbili mkononi mwezi Oktoba na kusema: Haya, nionyesheni hiyo nguvu mpya. Angekosea, nadhani, lakini ingetuchukua muda kumjibu. Ingetubidi kumtajia Boyer, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka ule. Warushaji Ray Sadecki, Gibson na Curt Simmons, walioshinda michezo 20, 19 na 18. Mike Shannon, aliyepewa upande wa kulia mwezi Julai. Barney Schultz, mzee wa miaka 37 aliyeitwa kutoka ligi ndogo kuja kufunga michezo. Na juu ya hao wote, kuanguka kwa Philadelphia, ambako kwa sehemu kubwa hakukutokana na watu wa St. Louis. Brock alikuwa sababu moja kubwa kati ya sababu nyingi, naye alizidi kuwa kubwa kwa kuwa zile nyingine zilikuwako.

Wako wasemao kwamba viongozi wa St. Louis waliyaona haya yote mapema. Tarehe 17 Agosti, 1964, miezi miwili kamili baada ya biashara ile, mwenye timu alimfukuza kazi Bing Devine, meneja aliyeifanya. Brock alikuwa akipiga na kukimbia mbele ya macho yake kila siku, naye bado aliona kwamba kikosi hakiendi mbele. Mwisho wa mwaka Devine alitajwa kiongozi bora wa timu za besiboli, naye hana kazi St. Louis. Keane, aliyejua kwamba uhusiano wake na wakuu ulikuwa umeingia dosari, alijiuzulu mara baada ya kutwaa ubingwa, akaenda kuwafundisha Yankees haohao aliowashinda.

Brock alikaa St. Louis mpaka alipostaafu mwaka 1979. Mwaka 1974 aliiba vituo 118, akaivunja rekodi ya Maury Wills ya 104. Alimaliza na mapigo 3,023 na vituo 938, na mwaka 1985 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa kule Cooperstown. Broglio alirudi kwao California, akalizoea jina lake kuwa methali. Alisimulia kwamba siku moja, miaka mingi baadaye, walialikwa wote wawili katika uwanja wa Wrigley, siku ya wachezaji wa zamani. Brock alipotajwa, watu wa Chicago walisimama wakampigia makofi. Alipotajwa yeye, walimzomea. Wawili hao walikuwa wamekwisha kuwa marafiki, nao wakaendelea kuwa hivyo hata Broglio alipofariki Julai 2019, na Brock Septemba 2020.