Tambarare ya Bagira

Bukavu ni mji wa miteremko. Kadutu imening'inia mlimani, Ibanda inashuka hadi kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu, na mara nyingi mlango wa nyumba moja uko sawa na paa la jirani. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unageuka sabuni. Lakini ukifika Bagira, kwenye kartie za zamani ambazo watu bado wanaziita kwa herufi, A, B, C na D, barabara zinanyooka na nyumba zinakaa kwa mistari. Na katikati ya mistari hiyo unakuta kitu adimu sana katika mji huu: ardhi iliyolala. Saa kumi jioni watoto wamekwisha kuijaza.

Ardhi hiyo ilitengwa kwenye karatasi kabla nyumba hazijaezekwa. Wengi wetu tuliokimbilia mpira juu yake tulidhani iliachwa tu, kama mtu anavyoacha uwanda mbele ya nyumba yake.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1927 Wabelgiji waliupa mji huu jina la Costermansville, kumkumbuka Paul Costermans, aliyekuwa makamu wa gavana mkuu enzi za Mfalme Leopold. Jina la Bukavu lilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika kipindi chote hicho mji ulikuwa miji miwili. Wazungu walikaa kwenye rasi, penye upepo wa ziwa, klabu za tenisi na mashua. Waafrika walikaa Kadutu, chini ya utaratibu wa mwaka 1931 uliowatambua kama watu walioacha himaya za machifu wao lakini hawajawa raia wa mji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ziliongezeka, watu wakaja, Kadutu ikafurika.

Brussels ilijibu kwa Mpango wa Miaka Kumi, 1950 hadi 1959, na mwaka 1952 ikaunda shirika la kujenga makazi, Office des Cités Africaines. Watu walilifupisha kuwa OCA. Hadi uhuru, OCA ilikuwa imejenga takriban nyumba 40,000 katika koloni na Ruanda-Urundi, nyingi zikiwa Léopoldville: Matete, Bandalungwa, Lemba. Usumbura ilipata Ngagara. Élisabethville ilipata Ruashi. Bukavu ilipata Bagira. Ndiyo maana Mkongo wa Bukavu akitembea Ngagara kwa mara ya kwanza huhisi kama ameshafika hapo: mkono uliochora ni mmoja.

Wachoraji hao walikuwa wamesoma vitabu vya mbali. Mwaka 1929, huko New York, Mmarekani Clarence Perry alipendekeza kwamba mji usijengwe kwa kutandaza nyumba tu. Ugawanywe katika vitongoji vya watu elfu tano hadi tisa, kila kimoja na shule ya msingi katikati, mtoto asitembee zaidi ya nusu maili kufika darasani, magari makubwa yapite pembeni, na sehemu moja katika kila kumi ya ardhi iachwe kwa bustani na michezo. Wazo hilo lilivuka bahari, likaenea Ulaya baada ya vita, kisha likashuka Kongo ndani ya mikoba ya wasanifu wa OCA. Shule, soko, zahanati, kanisa, nyumba ya jamii kwa ajili ya akina mama, kiwanja cha mpira: vyote vilikuwa na nafasi yake kwenye ramani.

Tusiwasifu kupita kiasi. Perry alikuwa akimfikiria raia wa New York anayepiga kura. OCA ilikuwa ikimfikiria mfanyakazi ambaye asipochezeshwa mpira Jumapili huenda akazungumza siasa. Utawala wa kikoloni ulikuwa na neno zuri kwa jambo hili, ustawi, na nyuma ya neno hilo kulikuwa na hofu. Mapadri waliielewa nguvu ya mpira mapema kuliko wote. Huko Léopoldville, Padri Raphaël de la Kethulle alisimamisha uwanja wa Reine Astrid mwaka 1937, na mwaka 1952 ukafunguliwa ule mkubwa wa Roi Baudouin, ambao miaka 22 baadaye Muhammad Ali alimwangusha George Foreman ndani yake. Mpira ulikuwa sala ya jioni kwa wasiosali.

Na mama? Kwake kulijengwa ile nyumba ya jamii tuliyoizoea kuiita foaye. Humo alifundishwa kushona, kupika, kulea mtoto na kupanga meza kama alivyopanga bibi wa Kibelgiji. Baba alipewa kiwanja, mama akapewa cherehani. Wako wazee wanaoikumbuka foaye kwa upendo, na siwanyang'anyi kumbukumbu yao, maana wengi walitoka na ufundi uliolisha familia. Lakini mgawanyo huo uliacha alama: hadi leo, kiwanja kikiwa kimoja, wavulana wanakitwaa kwanza. Wasichana wanacheza nzango pembeni, wakipiga makofi na kurusha miguu kwenye kipande ambacho mpira haukufika.

Nani alikitunza kiwanja hicho? Hili ndilo swali lililonivuta kuandika, kwa sababu kuchora ni kazi ya siku na kutunza ni kazi ya kila siku. OCA ilijenga, ikapangisha, ikauza nyumba kwa malipo ya kila mwezi, ikakusanya fedha. Shirika lililomdai mpangaji ndilo lililojua mfereji gani umeziba. Uwanja ulikuwa na mwenyewe, hata kama mwenyewe huyo hakuchaguliwa na yeyote. Mwaka 1958 Bukavu ilipewa hadhi ya mji wenye komini tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, na mwishoni mwa mwaka huo uchaguzi wa komini ukafanyika. Kwa karatasi, kiwanja kilianza safari ya kutoka mikononi mwa shirika kwenda kwa watu. Miezi kumi na minane baadaye nchi ikawa huru, na Wabelgiji wakaondoka na vitabu vya hesabu.

Yaliyofuata hayakumpa mtu nafasi ya kufyeka majani. Mwaka 1967, kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, mamluki wa Jean Schramme waliushika mji na jeshi la taifa likawazingira. Waliporudi wenyeji, walikuta mji umetobolewa kwa risasi. Kazi ya kwanza ilikuwa paa. Bustani zingesubiri.

Mobutu alipokaza mkono, komini zikaitwa zoni na usafi ukapata jina jipya: salongo. Kila mwananchi atoke na jembe, azibue mfereji, akate majani. Ilikuwa amri, na watu waliinung'unikia, lakini ukweli lazima usemwe: katika miaka ya salongo viwanja vya umma vilifyekwa. Vilifyekwa pia kwa sababu vilihitajika. Chama kilitaka mahali pa watu kuimba na kucheza ngoma za kumtukuza Kiongozi, na katika mji wa miteremko mahali hapo ni kiwanja cha mpira. Burudani ikageuka wajibu. Vijana waliotaka mechi walisubiri hadi vikundi vya chama vimalize kujifunza hatua. Serikali ilipokosa fedha za kujilisha, miaka ya 1980 ikielekea mwisho, salongo ilidhoofika, na hakuna kilichoshika nafasi yake.

Kisha Julai 1994. Maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mto Ruzizi kwa siku chache tu. Bukavu iliwaweka palipokuwa wazi, na palipokuwa wazi ni zile zile tambarare: viwanja vya shule, pembe za barabara, sehemu za michezo. Miti iliyokuwa kivuli ikawa kuni, maana sufuria ya maharage haingoji. Miaka miwili baadaye vita vikafika mjini penyewe. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996 pale Nyawera, mahali panapoitwa leo kwa jina lake. Ajabu ni kwamba baadhi ya maeneo ya wazi tuliyobaki nayo Bukavu yanalindwa zaidi na wafu kuliko na serikali: mtu anasita kujenga juu ya jina la Munzihirwa.

Bagira haikuwa na ulinzi wa namna hiyo. Watu waliokimbia vijiji vyao mwaka baada ya mwaka walipanda huko kutafuta usalama, na usalama unahitaji ukuta. Parseli zikakatwa na kukatwa tena. Ua wa nyumba ya OCA, ulioachwa kwa mboga na kwa watoto kucheza, ukazaa kijumba cha kupangisha, na kijumba kikazaa kingine. Siwezi kumlaumu mjane anayeishi kwa kodi ya chumba kimoja. Ila kila ua uliojaa umewasukuma watoto wake nje, na nje ni kile kiwanja, ambacho nacho kilianza kumegwa pembeni: leo kibanda cha mbao, kesho msingi wa mawe, keshokutwa mtu ana karatasi.

Hapo sheria inapaswa kuingia, na inastahili kusomwa na watu wengi zaidi ya mawakili. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, namba 73-021, inagawa mali ya dola mafungu mawili. Liko fungu linaloweza kugawiwa watu kwa parseli. Na liko fungu lililowekwa kwa matumizi ya wote, ambalo haligawiwi mpaka kwanza litolewe katika matumizi hayo kwa njia rasmi. Kwa lugha ya mtaani: uwanja wa umma hauwezi kuwa wa mtu mpaka kwanza dola iseme kwa maandishi kwamba si uwanja tena. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayeleta mawe usiku si "una hati?" Hati anaweza kuwa nayo. Muulize, "Liko wapi andiko lililokiondoa kiwanja hiki katika matumizi ya umma, na nani alilisaini?"

Swali kama hilo limewahi kuushinda mnara mzima. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua, akaandika nyingine, akatukanwa bungeni, na mwishowe wafadhili wakajitoa. Bustani ilibaki, na Wanairobi waliendelea kulala kwenye majani yale adhuhuri, viatu wamevifanya mto.

Kiwanja si mahali pekee watoto wanapohitaji kucheza. Je, bwawa la kuogelea? Wa Bagira wana ziwa. Kivu haina mamba wala kiboko, na mtoto wa Bukavu hujifunza kuogelea kama anavyojifunza kutembea, kwa kuwafuata wakubwa. Lakini ziwa hili lina kina cha karibu mita 480, na katika sehemu nyingi ukingo wake unaanguka ghafla, hatua mbili tu kutoka pale maji yanapofika magotini. Gesi ya methani na ya kaboni zimefungwa chini sana, hazimfikii mwogeleaji. Mazuku, ule upepo mbaya unaoua watu kimya kimya, ni balaa la upande wa Goma. Hatari ya kwetu ni ya kawaida kabisa: hakuna kamba, hakuna boya, hakuna mtu mzima anayelipwa kutazama maji. Na sheria ile ile ya 1973 inasema kitanda cha ziwa ni mali ya umma, ingawa kila mwaka njia za kushukia majini zinazidi kupungua kati ya kuta za nyumba za kifahari.

Mwaka 2008 sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba iliziweka bustani, viwanja vya michezo na foaye miongoni mwa kazi za mamlaka za chini, komini zikiwemo. Kazi ikashuka, fedha hazikushuka nayo. Desemba 2023 wapiga kura wa miji mikuu ya majimbo waliwachagua madiwani wa komini. Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na tarehe 27 ya mwezi huo milipuko iliwaua watu waliokuwa wamekusanyika kwenye Uwanja wa Uhuru, mahali pa wazi palipo mashuhuri kuliko pote mjini. Siku kadhaa baadaye wazazi wengi waliwakataza watoto kwenda popote penye watu wengi.

Viongozi hubadilika, na kila anayekuja anakuta muhuri mezani. Ndiyo sababu ombi langu ni dogo na ni kwa wazee wa kartie A hadi D, wale ambao baba zao walilipia nyumba za OCA mwezi kwa mwezi. Katika masanduku yenu, chini ya picha za ndoa na kadi za ubatizo, kuna mikataba ya zamani, na baadhi yake inaweza kuwa imebandikwa mchoro wa mtaa. Msiichome, msiwape panya. Itoeni nakala, mpeleke moja parokiani na moja shuleni, kiwanja kikiwa kimeandikwa juu yake.